Mama Vilio: Aliliza watu kwenye filamu, msiba wa mwanawe ukamkuta mkavu

Ndiyo kwanza kunapambazuka, na fundi wa kuchomelea mageti hajafungua kibanda chake. Hiyo ndiyo saa ya kazi. Ghorofani, juu ya duka la vinywaji, mwanamke wa makamo anavua viatu, anavua bangili, anavua hata saa ya mkononi, kisha anaingia kwenye chumba ambacho kuta zake zimefunikwa kwa magodoro chakavu.

"Friji!" anapaza sauti dirishani.

"Nimeshachomoa, Mama, halingurumi tena!" anajibu mwenye duka kutoka chini. "Lakini msikae kama mara iliyopita, soda zangu zilikuwa za moto mpaka wateja wakaniuliza kama nimeanza kuuza chai!"

Anacheka, anafunga dirisha. Mbele yake kuna kipaza sauti kilichovalishwa soksi nyeusi, na runinga ndogo isiyo na sauti. Kwenye runinga, mwigizaji wa kike amesimama kando ya kaburi la mwanawe. Huyu wa chumbani anamtazama, anafumba mdomo, anavuta pumzi ndefu.

Hakitoki kitu.

Anajaribu tena. Wapi! Upande wa pili wa kioo, mpiga kinanda ambaye kila mtu humwita Fundi anajikuna shingo na kutazama sakafu.

Mtaani wanamwita Mama Vilio. Ukimkuta sokoni anabishania bei ya vitunguu utampita tu, lakini sauti yake unaijua. Kama umewahi kuangalia hizi filamu zetu za nyumbani, zile ambazo mke anaachwa, mtoto anapotea, mzee anafia hospitali, na ukamsikia mwanamke asiyeonekana akiimba mdomo umefumbwa, bila neno hata moja, mpaka ukajifuta macho kwa kiganja, basi ni yeye huyo aliyekuliza.

Mwanawe wa pekee alifariki miezi mitano iliyopita. Tangu hapo sauti imekwama. Hilo analivumilia. Linalomkondesha ni jingine: mkwe wake, mjane wa huyo mwanawe, alimchukua mjukuu akarudi kwao, na hataki hata kumsikia.

"Kazi nikiikosa nitafua nguo za watu, nitaishi," anasema. "Mjukuu wangu nikimkosa, nimebaki na nani? Hebu niambie."

Maisha yake hayakuanza na huzuni, asikudanganye mtu. Kwa miaka mingi alikuwa mwimbaji wa bendi ya harusi, Fundi akiwa nyuma yake kwenye kinanda. Waliwachezesha maharusi na mashangazi zao mpaka watu wakarudi makwao wameshika viatu mkononi. Baadaye yakaja maspika makubwa na vijana wenye kompyuta, mialiko ikakauka, kila mmoja akashika njia yake.

Fundi akapata kibarua cha kuweka muziki kwenye filamu. Siku moja alipewa tukio la mke anayemuuguza mumewe. Akajaribu kinanda, akajaribu gitaa, tukio likagoma kukaa. Akampigia simu mwimbaji wake wa zamani.

"Nimefika, nikamuuliza maneno ya wimbo yako wapi. Ananiambia hayapo," anasimulia Mama Vilio. "Nikamwambia, wewe una wazimu? Mimi ni mwimbaji, si bubu. Nikafumba mdomo nikaguna tu, kumkomesha. Kumbe ndiyo hiyohiyo aliyokuwa anaitafuta."

"Alikuwa ananikejeli," Fundi anadakia. "Lakini mwongozaji wa filamu alitoka nje, aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akasema vumbi. Vumbi gani, chumba kimejaa magodoro?"

Malipo yenyewe ni kiduchu. Filamu moja humpa chakula cha wiki mbili, tatu akijibana. Pengo analiziba kwa kushona mapazia. Jina lake halijawahi kuandikwa mwishoni mwa filamu hata moja, ingawa majina ya waliopika chakula cha waigizaji huandikwa.

Ili mgeni aelewe kazi yenyewe, Fundi ana mchezo wake. Anamwonyesha mwandishi wa habari hii kipande kifupi: mwanamume anafunga mlango, anasimama, anautazama. Basi. Mara ya kwanza anakipa ngoma za haraka haraka, na mwanamume yule anakuwa mwizi anayesikiliza kama amesikika. Mara ya pili anakiwekea sauti ya zamani ya Mama Vilio, na mwizi anageuka baba aliyeachwa na mkewe usiku huohuo. Mara ya tatu hakiwekei chochote.

"Sasa ni nani?" Fundi anauliza.

Ni mtu aliyefunga mlango.

"Uso ni uleule. Hajabadilisha hata ukope. Ni sisi huku tunaomwambia mtazamaji amchukie au amhurumie."

Mama Vilio anatikisa kichwa. Ana sheria yake na haivunji hata mwongozaji akipiga magoti. Hatangulii kuimba kabla ya uso. Anamwacha mwigizaji apokee habari, azielewe, zimshuke, ndipo anaingia, taratibu.

"Ukitangulia, unamwamrisha mtu alie. Nani anapenda kuamrishwa?" anasema. "Msubiri. Muache machozi yake yaanze yenyewe, wewe umshike mkono tu."

Sheria hiyo ndiyo iliyovunjwa siku ya msiba wake mwenyewe.

Kijana wake alikuwa mpaka rangi wa majengo. Asubuhi ile alimpitia mama yake, akanywa chai kwa kusimama, akalalamika haina sukari, akaenda. Kamba ya jukwaa alilosimamia kupaka rangi ilikatika ghorofa ya nne. Mama Vilio alikuwa anashona pazia alipopigiwa simu, na anakumbuka kwamba aliumaliza kwanza ule mshono. Hajui kwa nini. Mpaka leo anajilaumu kwa ule mshono.

Msibani watu walifurika. Wengine, tuseme ukweli, walikuja kumsikia Mama Vilio akilia. Wakamkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, macho makavu. Ndugu walikuja wakamkumbatia, kimya. Jeneza likaletwa, kimya. Mkwe wake alikuwa amejilaza begani kwake anatetemeka, naye hakutoa hata sauti.

Minong'ono ikaanza kule nyuma. Mbona halii? Amezoea kulipwa huyo. Mama mmoja akasema, tena si kwa sauti ya chini, kwamba labda anasubiri kamera.

Fundi ndiye aliyekuwa amekabidhiwa maspika ya matangazo. Minong'ono yote aliisikia. Damu ikamchemka. Akafanya kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa kazi yake tu: akachomeka simu, akatafuta rekodi ya filamu moja ya zamani, akaiachia.

Sauti ya Mama Vilio ikajaa kwenye turubai. Watu wakaangua kilio, wanaume kwa wanawake. Hata yule mama aliyetaja kamera alilia. Katikati yao mwenye sauti alikuwa amekaa vilevile, mdomo umefumbwa, mkavu.

Mkwe akanyanyua kichwa begani pake. Akamtazama usoni, akatazama maspika.

"Mama," akasema, "hata mwanao umemwekea rekodi?"

Akasimama. Hakumsemesha tena mpaka makaburini, wala baada ya makaburi. Kesho yake alifunga mizigo yake na ya mtoto.

"Simlaumu," anasema Mama Vilio. "Sura yangu ilikuwa ileile tangu asubuhi. Bila sauti, aliona mama aliyepigwa na butwaa, akaniegemea. Walipoiwekea sauti, akaona msanii. Hata ningekuwa mimi ningeondoka."

Anachezea uzi uliojitokeza kwenye pindo la gauni.

"Na kinachoniuma ni kwamba sikuwa na hata chozi moja la kumwonyesha kuwa amekosea."

Fundi haketi anaposimulia hayo. Anazunguka chumbani, anagusa nyaya zisizohitaji kuguswa.

"Nilidhani namsitiri," anasema. "Nilisema, hawa wanataka kumsikia, ngoja wamsikie, wamwache apumzike. Nikamharibia familia kwa kidole kimoja. Ile rekodi niliifuta jioni ileile, tulipotoka makaburini. Mwongozaji juzi ameniambia tuitumie kwenye filamu hii mpya. Nikamjibu haipo. Akasema unafanya mzaha. Nikamwambia, kaka, sina mzaha uliobaki."

Kwa nini basi Mama Vilio alikubali kazi ya leo, tena tukio la mama anayezika?

"Nilikuja kujijaribu," anasema. "Nilidhani nikiweza kumlilia huyu wa kwenye runinga, wa kwangu atafuata. Kama mtu anayesukuma gari bovu lishike njiani."

Anarudi ndani kujaribu mara ya tatu. Fundi anaanzisha picha. Jeneza linashuka, waombolezaji wanatupa udongo, wanaondoka mmoja mmoja. Hapa ndipo tukio hukatwa kila mara. Lakini safari hii Fundi yuko mbali kimawazo, mkono wake umesahau kazi, na picha inaendelea kwenye kipande ambacho Mama Vilio hajawahi kukiona.

Mwigizaji amebaki peke yake. Anageuka kuondoka. Anarudi. Anainama juu ya udongo na midomo yake inafunguka. Anaita. Runinga haina sauti, kwa hiyo midomo inaita tu, inaita, na hakuna kinachosikika.

Mama Vilio anasogea karibu na kioo cha runinga.

"Mwanangu!"

Si ile sauti yake ya filamu. Ni ya kukwaruza, imepasuka katikati, haina pumzi wala mpango. Anaita tena. Anamwita kijana wake kwa jina la utotoni, ambalo hatutaliandika hapa. Anamuuliza kwa nini hakukaa chini akanywa ile chai. Anamwambia sukari ilikuwepo kabatini, angesema tu, angesema tu mara moja zaidi, mama yake angenyanyuka. Kisha anakaa sakafuni, na kilio kinamtoka, kile alichoomba kimtoke miezi mitano yote hii.

Kwenye mashine ya Fundi taa nyekundu inawaka. Mwandishi anaiona. Fundi naye anaiona. Mtu yeyote wa kazi hii angejua kilichokuwa kinaingia kwenye ile mashine, na mwongozaji angekinunua bila kuuliza bei.

Fundi ananyoosha mkono anazima. Anafuta hata zile sekunde zilizokwisha kuingia. Kisha anafungua mlango, anaketi sakafuni kando yake, na wote wawili wanalia, mwanamume mzima mwenye mvi, bila aibu.

Magodoro hayakuzuia kitu. Mwenye duka alipanda ngazi akasimama mlangoni, akashika kofia yake mkononi, akashuka bila neno. Friji hakulichomeka. Baadaye fundi wa mageti akafungua, mashine ya kukatia vyuma ikaanza kupiga kelele, na siku ya kurekodi ikawa imekwisha.

Mwongozaji alipopiga simu, Fundi alimweleza kwa kifupi kwamba tukio la kaburi litabaki bila muziki. Isikike koleo, isikike nyayo, basi.

"Watu watalia kweli, bila Mama?" sauti ya mwongozaji ikauliza.

"Watakaolia watalia," Fundi akamjibu, akakata.

Kama Mama Vilio ataimba tena, mwenyewe hajui, na leo hana haja ya kujua. Anataka jambo moja. Anataka kumkalisha mjukuu wake mapajani kabla mtoto hajamsahau sura, na mama wa mtoto awe ndani ya chumba hichohicho, si nje anasubiri aondoke. Amekwisha kutenga nauli ya Jumamosi. Alichokosa ni uthubutu wa kupiga simu.

Anakaa kwenye ngazi za nje, uso umevimba, anapiga. Simu yake imekufa sikio, hivyo huongea kwa spika, na kila anayepita anasikia. Mwandishi anasimama kuondoka. Mama Vilio anamshika mkono akae.

Inaita muda mrefu.

"Haloo."

"Ni mimi, mwanangu. Mama."

"Shikamoo, Mama." Ni salamu ya adabu tu, baridi.

"Marahaba. Sikuchukulii muda. Nimekupigia kukwambia leo nimemlilia mumeo."

"Wapi?"

"Kazini."

Mama Vilio anafumba macho.

"Wamekurekodi?"

"Hapana. Fundi alizima."

Upande wa pili kuna sauti ya mtoto inauliza ni nani huyo, ni bibi? Kisha mkwe anavuta kamasi, na anapozungumza, ile baridi imemwishia.

"Mimi sijamlilia, Mama. Hasira juu yako zilinijaa, nikakukasirikia wewe mpaka nikasahau kumlilia yeye. Kila siku nasema kesho."

"Nakuja, mwanangu. Jumamosi asubuhi napanda basi la kwanza."

"Jumamosi mbali, Mama," mkwe anasema. "Njoo leo."