Kumrudisha Mama Mkwe Ushongo

Mtoto wetu wa kwanza alipotimiza arobaini, mama mkwe wangu alianza kufunga mkoba wake. Alikuwa amekuja kwetu Chumbageni, Tanga, kumlea binti yake, Mwanakombo, katika uzazi, na desturi ilinitaka nimrudishe kwao kwa heshima. Kwao ni Ushongo, mbele ya Pangani. Watu wenye akili zao walikuwa wakipanda basi. Mimi nilikuwa na mashua.

Niseme mapema kwamba mimi ni Mbondei wa Muheza, fundi seremala, na bahari nimeijua ukubwani. Mashua ile niliikuta imetupwa ufukweni, mbavu zimeoza, nikaibadilisha ubao mmoja mmoja. Miezi mitatu nilizunguka nayo ghubani mbele ya mji, mahali ambapo hata bata angeweza kuwa nahodha. Lakini shemeji yangu Bakari, mvuvi wa Ushongo, alinitania mbele ya watu siku ya arusi yangu: "Mbondei mpe mashua, ataipanda mihogo." Maneno yale hayakunitoka moyoni. Nikaapa kufika Ushongo kwa tanga langu mwenyewe, mkwe wangu akishuhudia.

Tuliondoka Tanga asubuhi, kaskazi ikitusukuma mgongoni. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, na ninyi mnaokula sahani moja na wakwe zenu hamtaamini jinsi tulivyokaa. Mimi nyuma kabisa, nimeshika usukani. Mwanakombo katikati na mtoto. Mama mkwe mbele kabisa, amenipa mgongo, kanga ameishusha mpaka kwenye nyusi. Maneno yetu yote yalipitia kwa mke wangu.

"Mwambie mama, kama jua linamchoma tutapumzika."

"Mama anasema jua amezaliwa nalo."

Alasiri tuliingia Kigombe, kwa rafiki yangu Athumani, mfanyabiashara wa nazi. Alitupokea vizuri mno. Usiku ule ule akanionya: "Kesho mpite Pangani maji yakiwa yanajaa. Yakitoka, mto na mawimbi hukamatana mashati pale mlangoni."

"Najua," nikamjibu. Sikujua hata kidogo.

Kulipokucha nilitaka kuwahi, lakini mke wa Athumani alikuwa ameshawasha moto wa vitumbua. Kuondoka bila kula ni kumtukana mwenye nyumba. Tukala, tukaongezewa, tukakataa, tukaongezewa tena, vingine tukafungiwa vya njiani. Tulipoondoa mashua, bahari ilikuwa imeshaanza kurudi nyuma.

Karibu na adhuhuri tukafika mbele ya Pangani. Maji yalikuwa ya buluu, mara yakawa rangi ya chai ya maziwa. Mawimbi yakawa mafupi, yamesimama wima. Mimi mtu wa bara nikiogopa hukimbilia nchi kavu, basi nikaelekeza mashua ufukweni, yaani palepale penye vurugu. Mwanakombo akaanza kutapika. Akampitishia mama yake mtoto, akalaza kichwa ukingoni.

Hapo ndipo nilipoona kosa. Mashua ilikuwa inazamisha pua. Kila wimbi lililotunyanyua nyuma liliichomeka mbele, usukani ukawa mwepesi mkononi, nasi tukaanza kugeuka ubavu. Uzito ulipaswa kurudi nyuma. Na nyuma kulikuwa na nafasi moja tu, miguuni pangu, goti kwa goti.

"Mwambie mama asogee huku!" nikamwambia mke wangu.

Mwanakombo hakuwa na nafasi ya kusema neno. Nanyi mtacheka, lakini nilingoja. Nikakohoa, labda mama atageuka. Hakugeuka.

Wimbi likapanda juu ya pua, likawafunika wote wawili. Nilimsikia mwanangu akilia, halafu sikumsikia. Sijawahi kuogopa namna ile, si kabla wala baada.

"Mama!" nikapiga kelele. "Njoo nyuma! Upesi! Kaa hapa!" Nikaonyesha miguu yangu mwenyewe.

Akaja anatambaa, mtoto kifuani, kanga imemdondoka mabegani. Akaketi, mgongo wake ukagonga magoti yangu. Mtoto akapiga chafya, akaanza kulia upya, nami nikalia naye kidogo. Mashua ikainua pua.

Basi yule mama ambaye tangu Tanga hakusema nami moja kwa moja akafungua kinywa. "Tangu Kigombe nangoja uniambie! Mashua inadonoa kama kuku, nami nimekaa kule kwa heshima yako!"

"Mbona hukusema, mama?"

"Nimkosoe mkwe mbele ya mkewe? Haya, toka huku pwani, huku ndiko mto unakopigana. Taratibu! Usiyape mawimbi ubavu. Yape mgongo. Ngoja... ngoja... sasa!"

Mtoto akamweka mapajani, akalegeza kamba, tanga likashuka nusu. Mwanakombo naye akajikaza, akafua maji yaliyoingia mashuani kwa sufuria ya uji. Kila mama aliposema "sasa", nilivuta usukani. Hatimaye maji yakarudi kuwa ya buluu. Mama akatazama mabaki ya vitumbua vya Kigombe yakielea kati ya miguu yetu, akacheka mpaka akashika mbavu. Tukacheka sote.

Ushongo walikuwa wametuona tangu mbali. Mkuku wa mashua ulipogusa mchanga tu, mama akavuta kanga mpaka kwenye nyusi, akashuka bila kunitazama. Bakari akaja, meno nje. "Mama, huyu Mbondei kakuletaje?"

Neno moja la mama lingetosha kunimaliza pwani nzima.

"Mwanakombo," mama akasema, kana kwamba Bakari naye ni mkwe, "mwambie kaka yako tumefika wakavu."

Huku kanga yake inachuruzika maji. Watu wakaitazama ile kanga, wakanitazama mimi, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Kwa siku tatu nililishwa pweza na wali wa nazi, lakini uamuzi nilishaufanya: mke na mtoto warudi kwa basi, mimi nitajua la kufanya na mashua. Alfajiri ya kuondoka, upepo wa nchi kavu ukivuma, niliteremka ufukweni kuaga. Nikaukuta ule mkoba wa mama ndani ya mashua, pembeni ya usukani. Mwenyewe ameketi hapohapo nyuma, mjukuu mapajani.

"Mwambie mumeo," alimwambia Mwanakombo aliyesimama kando ya mashua, "maji yanajaa. Anangoja nini?"

Tukarudi naye mpaka Tanga. Na kwa kuwa mama akiletwa hurudishwa, ikabidi nimrudishe tena. Akaja tena, nikamrudisha tena, mpaka msimu wa kaskazi ukaisha, nami nikawa ninaweza kupita Pangani bila kutetemeka. Ndani ya mashua alinikaripia kama mwanawe wa kumzaa. Tukigusa mchanga, kanga inashuka, na ninaulizwa kupitia kwa mke wangu kama nimechoka.

Nilichojifunza katika safari ile ni hiki: bahari nimefundishwa na mtu ambaye nchi kavu sijawahi kumwona uso.