Upande wa Ukutani

Kiwandani walimwita Kimya, na alipoota mvi wakamwongezea Mzee. Kazi yake ilikuwa kutoa matumbo ya kuku. Kuku walimjia wakining'inia kwenye ndoano, miguu juu, vichwa hawana. Anaingiza mkono, anavuta, anatupa, anamgeukia mwingine. Ukiifanya kazi hiyo mwaka mmoja, harufu inakuingia kwenye kucha. Ukiifanya miaka aliyoifanya yeye, harufu inakuwa yako kama jina. Wageni wa kazi walipoziba pua aliwaambia, "Uchafu unaooshika si uchafu." Hayo yalikuwa maneno mengi kwake kwa siku nzima.

Mkewe alikuwa mpiga deki hospitalini, zamu ya usiku. Huyo hakuwa kimya. Maneno yalimtoka bila kupiga hodi.

Walifika ugenini wangali na meno yote. Walipata chumba kimoja, jiko kwenye kona, kitanda chembamba kimesukumwa mpaka ukutani. Mshahara mmoja haukutosha kodi na chakula. Ukivuta huku, kule kunabaki uchi. Kwa hiyo mmoja akafanya kazi mchana, mwingine usiku. Asubuhi walikutana mlangoni, mke anaingia, mume anatoka na buti zake za mpira mkononi.

"Chai ipo," mume anasema.

"Na shuka bado lina moto?"

"Lina."

Mke anakwenda kulala palepale alipotoka mume. Jioni mume naye anarudi, mke ndiyo anafunga kitambaa kichwani atoke, na mume analikuta joto lake. Kitanda chao hakikuwahi kupoa. Usiku wa mapumziko ya mke, mume alijitandikia sakafuni ili mwenzake anyooshe mgongo, maana kitanda kile hakikuwa cha watu wawili wenye mifupa. Hawakuona ajabu yoyote. "Ndoa ni kupokezana," mke alikuwa akisema. "Wenzetu wanapokezana matusi, sisi tunapokezana godoro. Bora nani?"

Kibali chao cha kukaa kilikuwa cha muda. Kila kikikaribia kuisha wanarudi kupanga foleni. Kisha hospitali ikamwambia mke kwamba wapiga deki ni adimu, anaweza kuomba ukaazi wa kudumu. Na mume je? Mume ataingia mgongoni mwa mke, mradi awe mume kweli. Ikionekana si mume, mke atabaki na yeye atarudishwa kwao.

"Yaani wanifanye mjane na mume wangu anakula?" mke aliuliza. "Twende tukawaonyeshe mume."

Wakaenda. Walivaa nguo zilezile walizovaa kwenye kila msiba na kila harusi. Ofisini wakatenganishwa, huyu chumba hiki, yule chumba kile, kama wezi wawili walioiba mbuzi mmoja.

Afisa aliyekaa na Kimya alitoa leso akaiweka puani kabla hata hajasalimiwa. Kimya alizoea. Alikuwa ameoga mara mbili, lakini kuku hawaishi kwa sabuni. Ambacho hakukizoea ni kile kifuniko cha kalamu. Afisa alikuwa akikiingiza sikioni, anakizungusha, anakitoa, anakitazama, kisha anapangusia pembeni mwa meza. Halafu anakishika kwa meno.

"Unalala upande gani wa kitanda?"

"Ukutani."

Afisa akaandika. Akatoka. Akakaa huko kitambo, akarudi anacheka na mwenzake.

"Yule mwanamke naye anasema analala ukutani."

"Ndiyo."

"Wote wawili ukutani?"

"Ndiyo."

"Nani anakuwa chini?" Akamgeukia mwenzake. "Umesikia hawa? Wazee hawa!" Wakacheka wote wawili. Mate yake yakarukia karatasi.

Kimya akatazama nta ya sikio pembeni mwa meza. Angeweza kueleza. Lakini utamwelezaje kitanda chako mtu anayetafuna uchafu wa sikio lake mwenyewe? Akasema neno moja tu.

"Tunapokezana."

Afisa akaacha kucheka. "Aa. Sasa umesema kweli." Akaandika haraka haraka. Aliandika kwamba hawa si mke na mume bali ni wapangaji wawili wanaotumia kitanda kimoja kwa zamu, na kwamba mmoja wao ametoa maelezo ya uongo.

Njiani mke akauliza, "Wako alikuwaje?"

"Ana leso."

"Wangu alikuwa wa kike. Kaniuliza mswaki wako rangi gani. Nikamwambia, mama, kwani mswaki ndio nilioolewa nao?"

Kimya akacheka. Ndiyo mara ya mwisho kucheka kwa jambo la ofisi ile.

Baada ya wiki chache Bwana Leso, maana mke alishambandika jina, akaja nyumbani kukagua. Alikuja asubuhi, mke ndiyo kwanza ameingia kutoka kazini, Kimya ameagizwa na ofisi asiende kiwandani. Hakuvua viatu. Viatu vilikuwa vimekanyaga kitu, na kile kitu kikapita mlangoni, kikapita jikoni, kikaishia pembeni mwa kitanda. Mke aliyepiga deki usiku kucha alisimama anazitazama zile alama sakafuni kwake.

Afisa akafungua droo. Akachukua kalamu ileile, akainua kwa ncha nguo ya ndani ya mke wa mtu, mama mwenye mvi, akaitazama mbele na nyuma, akaitupa kitandani. Kisha akainama akanusa shuka. Alinusa kweli, pua mpaka kwenye kitambaa, kama mbwa anayetafuta mfupa. Kimya maisha yake yote aliishi kati ya matumbo, na hakuwahi kuona uchafu kama ule.

"Mto mmoja," akasema afisa.

"Kichwa kimoja kwa wakati mmoja," akasema mke.

"Watu wa ndoa wana mito miwili."

"Wanaolala wakati mmoja, labda. Mwanangu, umeoa wewe?"

"Mimi ndiye ninayeuliza hapa."

"Basi hujaoa. Ungekuwa umeoa, ungejua nguo za mwanamke haziinuliwi kwa kalamu."

Afisa akatoka bila kuaga. Mke hakulala asubuhi ile. Alichemsha maji akafua kila kilichoguswa na ambacho hakikuguswa, shuka, foronya, pazia, akapiga deki mlango hadi kitandani, na alipomaliza akaanza tena. Kimya akamnyang'anya tambara.

"Lala, mama."

"Nilale wapi? Pale alipotia pua?"

Wakageuza godoro. Ndipo akalala.

Ofisi ikasema faili linaangaliwa. Likaangaliwa. Mvua zikaja zikaisha, likiwa linaangaliwa. Mke akaanza kikohozi, akakidharau, akaenda nacho kazini. Siku moja aliangukia ndoo yake kwenye korido ya hospitali ileile, wakamlaza kwenye wodi aliyokuwa akiisafisha. Alilalamika kwamba chini ya vitanda hapajapigwa deki sawasawa. Baada ya hapo akapunguza maneno. Kimya alipoona mkewe amenyamaza alijua.

Akafa mchana, mume yupo kazini, mkono wake u ndani ya kuku. Wakamwita. Alikwenda na aproni yake.

Walimzika hukohuko ugenini, kwenye makaburi ya nyuma ya barabara kubwa, kwa kuwa hakukuwa na njia ya kumrudisha. Waliokuja ni wapiga deki wenzake, wengi wao wakisinzia kwa kutoka zamu. Shoga yake mmoja, aliyeshika naye ndoo tangu siku ya kwanza, ndiye aliyelia kwa sauti. Kimya hakulia mbele ya watu. Nyumbani alikuta kitanda kimepoa. Akaweka mkono pale, akauondoa, akaenda kujitandikia sakafuni.

Sasa neno likawa moja tu. Kibali chake kilikuwa kinaisha, na kikiisha bila ukaazi anaondoka, mkewe anabaki peke yake nyuma ya barabara. Kwa hiyo ofisi ilipomwita alikwenda, tena alitangulia kufika. Shoga wa marehemu akamsindikiza, akabaki nje kwenye benchi.

Bwana Leso alikuwa anakula yai la kuchemsha. Maganda yalikuwa juu ya mafaili. Akasema pole huku anameza.

"Lakini mzee, kila jambo na heri yake. Kifo kimeturahisishia. Hospitali imekuandika mume. Makaburini umeandikwa mume. Wakubwa wamekubali kwamba ndoa ilikuwepo."

"Ilikuwepo," akasema Kimya.

"Sasa unapewa ukaazi. Wa kudumu. Umebakiza kidole tu." Akasogeza karatasi, akasogeza na kidau cha wino. Kiini cha yai kilikuwa kimemganda kwenye ukucha. "Hapa."

Kimya hakusoma shule. Kidole gumba chake ndicho kilichokuwa saini yake siku zote, na siku zote alibonyeza alipoonyeshwa. Leo hakujua kwa nini aliuacha mkono kwenye goti.

"Nisomee."

"Ni mambo ya kawaida."

"Nisomee hayo ya kawaida."

Afisa akapumua kwa nguvu, harufu ya yai ikavuka meza. Akasoma. Karatasi ilisema kwamba yeye, mume, anathibitisha kwamba katika mahojiano ya kwanza marehemu mkewe alitoa maelezo yasiyo ya kweli kuhusu mahali anapolala.

"Mke wangu hakusema uongo."

"Mzee, faili lina ukutani mbili. Haliwezi kufungwa na ukutani mbili. Mmoja lazima awe alidanganya."

"Basi andika mimi."

"Wewe ukiwa mwongo hupewi. Yeye hana cha kunyimwa." Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayemsaidia mzee kuvuka barabara. "Maiti hashtakiwi. Haimuumi."

Kimya akamtazama. Akatazama midomo, yai, leso, kalamu. Aliona sasa kwamba mtu huyu hakuwa hata na chuki naye. Angekuwa na chuki ingekuwa afadhali, chuki ina sura. Huyu alikuwa anataka tu faili lifungwe aende zake. Angelifunga kwa mgongo wa mwanamke aliyekwisha kuzikwa, kisha angekwenda kunywa maji.

"Nilikwambia tunapokezana," akasema. "Yeye usiku yuko kazini, mimi ndiyo nalala. Mimi nikitoka yeye analala. Kitanda kimoja, upande mmoja. Ukutani. Wote tulisema kweli."

Afisa akafikiri kidogo. Kisha akafanya jambo ambalo Kimya hakulitegemea. Akatikisa kichwa kukubali.

"Nakuelewa. Hata mimi nadhani ndivyo. Lakini iliyopo hapa ni hii, na ya kuandika upya sina. Bonyeza, mzee. Baada ya leo hakuna atakayeisoma."

Yaani alijua. Alijua, na kidau bado alikisogeza.

Kimya akainuka. Alitaka kutema mate, akayameza, kwa sababu kuna mpiga deki atakayekuja kuyapangusa.

"Hubonyezi?"

"Hapana."

"Basi nitaandika umekataa. Kibali kikiisha, ufungashe."

"Andika."

"Mzee! Mkeo mwenyewe angekuwepo angekwambia bonyeza!"

"Angekuwepo," Kimya akasema, "ungekuwa umeshamwagiwa hicho kidau."

Akatoka.

Kwenye benchi shoga wa marehemu alisimama. "Vipi, shemeji? Wamekupa?"

"Nimekataa."

"Wamekataa, au umekataa?"

Akamweleza kwa maneno machache. Mama yule akashika kiuno.

"Shemeji nawe! Si ungebonyeza tu! Kwani yule marehemu anasoma?"

"Hata mimi sisomi. Ndiyo maana niliomba nisomewe."

Mama yule akaitukana ofisi, akamtukana afisa na aliyemzaa, akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Kisha wakatembea. Hawakuambiana waendako, lakini miguu ilikata kushoto, kuelekea barabara kubwa.

Kaburi lilikuwa limeshaangukiwa na takataka za wapita njia. Kopo la soda, mfuko wa plastiki, mfupa wa kuku uliotafunwa. Kimya akainama akaokota kimoja kimoja, akatia mfukoni, kwa kuwa pa kutupa hapakuwepo.

"Ukishaondoka nitakuja mimi," akasema yule mama. "Kila Jumapili. Nitamfagilia."

"Kwa ufagio gani?"

"Ule wetu wa hospitali."

"Ule hapana. Aliuchukia. Alisema unanyonyoka nyuzi, unaacha uchafu mwingi kuliko ulioukuta."

"Kweli, alikuwa akiusema sana." Mama akacheka kidogo na machozi yake. "Basi nitanunua mwingine."

"Mgumu," akasema Kimya. "Tena uoshe kabla hujamletea."