Kisigino cha Meza ya Puli

Mkwe wangu, mume wa binti yangu wa mwisho, ni fundi viatu, na mtaani wanamwita Soli. Huyu hawezi kukutazama usoni kabla hajamaliza miguuni. Siku aliyokuja kuposa, wazee tumejipanga tunamsubiri aseme neno, yeye akamvua mjomba wetu kiatu, akakigongagonga, akasema, "Mzee, kisigino hiki kimelala upande. Mgongo utakuja kukusumbua." Mjomba, ambaye ndiye alitakiwa kumhoji, akasahau maswali yote akampa na kiatu cha pili. Ndivyo tulivyompata mkwe.

Kibanda chake kimebanana na mlango wa nyuma wa kilabu cha puli. Ukimuuliza kwa nini alichagua pale, atakuambia kodi ni nafuu. Binti yangu atakuambia vingine. Soli alikuwa akipaka gundi, anaingia ndani kucheza mchezo mmoja, anatoka gundi imeshika na mtu kashindwa. Alifika mahali ambapo, nawaambia kweli, akiinama tu juu ya meza ile mipira inajisogeza yenyewe kumpunguzia kazi. Mimi nilipokuwa nikisema hivyo nilijua natia chumvi. Kumbe wala.

Sasa kilabuni kila mchezaji ana namba. Anayezitoa ni mwalimu wa hesabu mstaafu, wanamwita Kikokotoo. Anakutazama ukicheza wiki kadhaa, anabonyeza simu, anakuna kidevu, anatangaza. Namba yako ndiyo michezo unayopaswa kushinda. Ukiwa saba, yaani mkali, ushinde saba. Ukiwa mbili, yaani jina limo tu, ushinde miwili, kazi imekwisha. Anayewahi kutimiza yake ndiye mshindi.

"Kwa hiyo mtu akijua sana ndiyo anateswa sana?" nilimuuliza.

"Hiyo ndiyo haki, bibi. Wote wanakuwa sawa."

Nikamwachia hesabu zake. Shule mimi niliipita kwa nje, nikielekea kisimani.

Soli alikuwa saba. Alikuwepo pia kinyozi mmoja, mgeni aliyehamia mtaa wa pili, kijana mpole mwenye mkono uliotulia kama maji ya mtungi. Huyo alikuwa mbili. Anapiga mpira vizuri, unakwenda vizuri, ukifika mdomoni mwa shimo unageuka kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani. Watu walikuwa wakicheka mpaka soda zinawatoka puani. Yeye anautazama mkono wake tu.

Basi muuza mashine wa mjini akatangaza mashindano, na mshindi angeingia dukani kwake achague mashine moja anayoitaka. Moja tu, lakini yoyote. Nilipoisikia habari hiyo nilikitazama kidole gumba cha mkwe wangu. Miaka yote anashona soli kwa sindano nene na uzi wa nta, anavuta, anavuta, na sasa kidole kimevimba kama kitunguu na asubuhi hakikunji. Duka lile lilikuwa na cherehani ya ngozi, ile ya mguu wa chuma, inayoshona soli nzima kabla hujapiga chafya. Soli alishasema: asipoipata, anafunga kibanda, anakwenda kulinda stoo ya saruji ya kaka yake. Soli, kulinda saruji! Atakaa anatazama mifuko isiyo na miguu.

Akashinda raundi zote. Na kinyozi naye, kwa ile miwili miwili yake, akapenya penya mpaka fainali. Minong'ono ikaanza kwamba namba yake ni ya uongo.

Asubuhi ya fainali nilimpelekea mkwe wangu chupa ya chai. Nilimkuta kilabuni peke yake, anajizoeza. Chaki ikamdondoka, akainama kuiokota, akakaa huko huko uvunguni. Mimi mama mkwe, nifanyeje? Nikageuza uso ukutani kwa heshima.

"Mama," sauti ikatoka chini, "meza hii inachechemea."

"Iache. Imekulalamikia?"

"Mguu mmoja mfupi. Kisigino kimelika, Mama. Njoo uone."

"Mimi nije uvunguni na wewe? Watu waseme nini?"

Akatoka mbio kibandani, akarudi na kipande cha ngozi ngumu, akakikata, akakichonga, akakisukuma chini ya mguu ule. Alipoinuka alikuwa anang'aa kama amemtengenezea kiatu mfalme. Hakupiga hata mpira mmoja tena. Akanywa chai yake na kwenda kuoga. Wala hakuwaza kitu. Mtu akiona kisigino kimelika, amalize chai kwanza awaze?

Watu walivyojaa mchana ule, ilibidi ukipumua wewe, jirani asubiri zamu yake. Mwenye kilabu, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kufungua milango, alikaa karibu na meza kama mwamuzi. Mchezo wa kwanza ukaanza. Soli akalenga palepale anapolengaga siku zote. Mpira ukapita kando. Akalenga tena. Ukapita kando mara ya pili. Akaigeuza fimbo, akaichungulia kama bunduki.

Akaingia kinyozi. Tii, shimoni. Tii, shimoni. Kila mpira alioutuma ukatumika. Akaimaliza meza yote kwa zamu moja, mpaka mpira mweusi, ule wa kumalizia mchezo, na mwishoni akabaki amesimama mdomo wazi kuliko sisi.

"Mwizi!" mtu akapaza sauti. "Alikuwa anajificha!"

"Mbili gani hiyo? Hiyo ni tisa!"

"Wiki zote anajifanya mbovu, kumbe anawinda mashine!"

Kinyozi akaapa kwa mama yake, kwa marehemu babu yake, na kwa mashine zake za kunyolea. "Jamani, mimi mwenyewe sielewi! Nimepiga kama ninavyopigaga!"

"Basi kwa nini leo inaingia?"

"Nawauliza ninyi!"

Kikokotoo akabonyeza simu, akafuta, akabonyeza. Mwenye kilabu akasimama. "Aliyedanganya namba anatolewa, na mwenzake anachukua ushindi. Hiyo ndiyo sheria yetu. Soli, mashine ni yako."

Binti yangu akanikumbatia. Mimi nikamtazama mkwe wangu. Hakuwa anashangilia. Alikuwa anautazama mguu wa meza.

Nikamwendea, nikamnong'oneza, "Mwanangu, funga mdomo, twende nyumbani."

"Mama, si kinyozi aliyebadilika."

"Najua kufikiri kunaumiza. Twende."

Akakataa. Akawaambia wote habari ya kisigino. Hata friji ya soda nikaisikia ikimeza mate. Halafu mtu mmoja akaweka mpira katikati ya meza, ukatulia tuli. Soli akaingia uvunguni, akaitoa ngozi. Ule mpira, bila kuguswa na mtu, ukaanza safari yake polepole kwenda kwenye kona.

"Kwa hiyo miaka yote," Kikokotoo akasema kwa sauti ndogo, "mimi nilikuwa naipima meza?"

Hapo ndipo tulipovurugika. Mmoja anasema Soli si saba, meza ndiyo saba. Mwingine anasema lakini kuijua meza nayo ni kujua. Mwingine anadai ngozi irudishwe, mwingine anadai itupwe maana "sisi tumeizoea hivyo." Kinyozi anauliza kama yeye ni mbili au ni nini. Kila aliyezungumza nilikubaliana naye, mpaka kichwa kikaanza kunizunguka.

Mwenye kilabu akapiga fimbo sakafuni. "Namba zilitolewa meza ikichechemea. Ichechemee, mchezo uanze upya."

"Nitacheza," kinyozi akasema. "Lakini mjue leo ndiyo mara ya kwanza mmeniona."

Wakaanza upya. Soli akashinda, akashinda, akafika sita. Ila kila mchezo ulizidi kuwa mgumu, maana sasa alikuwa anaijua meza, na kabla ya kupiga anapiga hesabu, anainama kuchungulia ule mguu. Kinyozi naye akawa anaanza kuuelewa mteremko, akapata mmoja. Sasa kinyozi anabakiza mmoja, na Soli naye anabakiza mmoja. Juu ya meza kukabaki mpira mweusi peke yake, zamu ya Soli.

Akalenga. Akabadili. Akalenga kwingine. Akapiga, nikaona kabisa amekosea, mweusi unakwenda ukutani mbali na shimo. Binti yangu akafunga macho. Mpira ukapunguza mwendo, ukasita, ukageuza nia, ukaanza kuteremka taratibu kama bibi anayerudi dukani kudai chenji yake. Ukafika mdomoni. Ukachungulia. Ukatumbukia.

Hakuna aliyepiga makofi mara moja. Tulikuwa tunatazamana, kila mtu akisubiri mwingine aseme kama ule ulikuwa ushindi.

Cherehani iko kibandani sasa. Inashona mpaka wateja wanakuja kutazama tu, na gumba limeanza kukunja. Siku ilipoletwa ilikuwa inatikisika, sakafu ya pale haikukaa sawa, basi Soli akatoa kile kipande cha ngozi kwenye mfuko wa aproni, akakiweka chini ya mguu wake wa chuma. Ikatulia.

Meza ya puli bado inachechemea, hawajakubaliana. Kinyozi ameacha kucheza pale, ila viatu anavileta, na kila akija Soli anamtazama miguuni muda mrefu kuliko kawaida. Juzi alipoondoka, mkwe wangu aliisimamisha cherehani akaniuliza, "Mama, hebu niambie kweli. Mimi ni saba?"

Nikamwambia yeye ni saba.

"Na mchana ule, ngozi iko chini ya mguu, mpira unapita kando?"

Nikamwambia hapo alikuwa mbili. Akafikiri, akaniuliza kinyozi je. Nikamwambia ashone, kiatu changu nakihitaji leo.