Lengo la Mwalimu Rudia

Wanafunzi ndio waliompa jina la Mwalimu Rudia, kwa sababu neno hilo halikumkauka mdomoni. Mtoto akisoma akajikwaa, "rudia." Akisoma vizuri, "rudia, nifurahi." Alikuwa na miaka arobaini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo aliimaliza katika chumba kimoja cha darasa la tatu, chenye madirisha mawili upande wa uwanjani na ubao uliopasuka kona ya chini. Mumewe alikuwa fundi muashi, watoto wao wawili walishakuwa wakubwa, na ukimuuliza habari za kazi angekujibu kwamba mambo yanakwenda. Mwenyewe aliamini hivyo, mpaka ile Ijumaa ya mkutano wa walimu.

Siku hiyo mwalimu mkuu aligawa fomu, karatasi moja kwa kila mwalimu wa darasa. Matokeo ya kusoma na hesabu yalikuwa yameporomoka miaka mitatu mfululizo, na ofisi ya elimu ilitaka kila darasa lijiwekee lengo: mpaka mwisho wa mwaka watoto wangapi watajua kusoma, na wangapi watajua hesabu za darasa lao.

"Jazeni tu tumalize," alisema mwalimu mkuu huku akitazama saa. "Chai inapoa."

Kalamu zikatembea. Mwalimu wa darasa la tano aliandika asilimia mia. Wa darasa la pili akachungulia kwa jirani yake, naye akaandika asilimia mia. Mwalimu Rudia alishika kalamu, akaiweka chini. Kilichomkwamisha ni kisanduku kidogo juu ya fomu ambacho wenzake walikiruka: "Kwa sasa wanaojua ni wangapi?" Alikuwa na watoto hamsini na wanne. Aliwajua kwa sura, kwa sauti, hata kwa viatu vyao. Lakini wangapi wanajua kusoma?

"Naomba wiki moja," alimwambia mwalimu mkuu.

"Wiki ya nini tena? Si namba mbili tu!"

"Ndiyo, mwalimu mkuu. Lakini sinazo."

Jumatatu akaweka viti viwili karibu na mlango, akawapa watoto kazi ya kunakili, akaanza kuwaita mmoja mmoja na kitabu cha kusoma. Wa kwanza alikuwa msichana wa miaka tisa wa dawati la mbele, ambaye wenzake walimwita Redio kwa sababu alikuwa haishiwi maneno. Huyo ndiye aliyesimamishwa kila wageni walipokuja shuleni. Alifungua kitabu akasoma mbio, bila kukwama hata mahali pamoja.

Mwalimu alikuwa karibu kumwandikia alama ya vema alipoona jambo. Kidole cha Redio kilikuwa mstari wa pili. Sauti yake ilikuwa mstari wa nne.

Akachana kipande cha karatasi, akaandika: Mbuzi amekula kofia ya baba. "Hebu nisomee na hii."

Redio aliitazama karatasi. Akaitazama dari. Akairudia karatasi.

"Hii hatujafundishwa, mwalimu," alisema kwa sauti ndogo.

"Neno la kwanza tu."

Machozi yakaanza kumlengalenga. Mtoto huyu alikuwa ameshika kitabu kizima kwa kichwa, ukurasa kwa ukurasa, kwa kuwasikiliza wengine, na yeye mwenyewe ndiye aliyempigia makofi mbele ya wageni.

"Usimwambie bibi," Redio alinong'ona. Bibi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo, alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu, na kila jioni mjukuu alimsomea wakati pasi ikitembea. "Yeye anajua najua."

"Mimi simwambii," alisema mwalimu. "Utamwambia wewe, siku utakayomsomea kweli. Tumekubaliana?"

Redio alitikisa kichwa kukubali, akajifuta pua kwa mkono wa sweta.

Tangu hapo mwalimu aliachana na kitabu. Aliandika kifungu chake cha mistari mitano kuhusu yule mbuzi na kofia, kitu ambacho hakuna mtoto aliyepata kukisikia. Kufikia Ijumaa alikuwa na namba zake, na hazikumfurahisha. Waliosoma kifungu na kueleza kinasema nini walikuwa kumi na saba. Ishirini na mmoja waliokota neno mojamoja kama watu wanaovuka matope. Kumi na sita hata herufi zote hawakuzijua. Upande wa hesabu, aliwapa hamsini na mbili kutoa ishirini na saba. Waliopata walikuwa tisa.

Kwenye fomu akaandika ukweli huo, na chini yake lengo: kusoma arobaini; kutoa thelathini na watano.

Mwalimu mkuu alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mwoga wa barua za kutoka juu.

"Arobaini?" alisema. "Wenzako wote wameandika mia kwa mia. Nikipeleka hii, wataniuliza hao kumi na wanne nimewatupa wapi."

"Sijawatupa. Nao nitawafundisha kama wengine. Ila leo wanaosoma ni kumi na saba, mwalimu mkuu. Nikiandika hamsini na wanne nitakuwa nimeandika dua."

"Unaniaibisha, mama."

"Mimi nimeshaaibika," alijibu. "Miaka ishirini na miwili nimekuwa nikiwasikiliza watoto wote kwa pamoja. Wakiitikia kwa sauti kubwa, naona wamejua."

Mwalimu mkuu alikuna kidevu, akaigonga fomu muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaitia kwenye bahasha.

Basi kazi ikaanza. Kila asubuhi, saa ya kwanza, Mwalimu Rudia alivunja safu za madawati na kugawa darasa mafungu matatu: wa herufi, wa maneno na wa habari. Hakuna aliyekaa na rafiki yake. Kila mmoja alikaa na wanaojua kiasi chake, na anayeiva anahamia fungu la mbele siku hiyohiyo, bila kungoja mtihani. Wa herufi aliketi nao mwenyewe sakafuni, magoti yakimlia. Kila Ijumaa alisikiliza watoto kumi, akaandika kwenye daftari lenye jalada la bluu.

Redio alianzia fungu la herufi. Siku tatu za kwanza alinuna kama paka aliyemwagiwa maji. Siku ya nne aligundua kwamba herufi m na a, ukizishika pamoja, ndizo zilezile zinazotokea mwanzoni mwa maji, mama na mahindi, akapiga ukelele uliowafanya darasa la jirani wachungulie.

Baada ya miezi mitatu waliosoma walikuwa ishirini na sita. Hesabu ndiyo iliyogoma. Kutoka tisa walifika kumi na wawili, wakaganda hapo. Mwalimu alifundisha kwa bidii zote, akarudia kama jina lake: mbili haitoshi kutoa saba, kopa moja kwa jirani, iwe kumi na mbili.

Ndipo siku moja Redio akanyoosha mkono.

"Mwalimu, tukishakopa, tunamrudishia lini?"

Darasa likacheka. Mwalimu naye alicheka, akafungua mdomo ajibu, akakuta hakuna kitu. Tunarudisha lini? Na kwa nini ukikopa moja unapata kumi? Alikuwa amelisema jambo hilo maelfu ya mara, kama alivyolikariri kwa mwalimu wake. Alisimama na chaki mkononi, watoto hamsini na wanne wakimngoja, na kwa mara ya kwanza akajiona sawasawa: naye alikuwa amekishika kitabu kwa kichwa tu.

"Sijui," alisema. "Nitakujibu kesho."

Watoto walitazamana. Hawakuwa wamewahi kulisikia neno hilo likitoka upande ule wa ubao.

Wakati wa chai alimfuata mwalimu wa hesabu wa darasa la saba, kijana wa miaka ishirini na sita aliyeajiriwa mwaka uliopita. Kijana huyo alisoma shule hiyohiyo, na darasa la tatu alifundishwa na yeye mwenyewe. Kwa hiyo haikuwa rahisi. Alizunguka nyuma ya madarasa mara mbili kabla ya kuingia.

"Shikamoo, mwalimu," kijana alisema, akainuka kumpisha kiti.

"Marahaba. Kaa, kaa. Leo wewe ndiye mwalimu." Akavuta kiti kingine. "Nifundishe kutoa. Kwa nini tukikopa moja inakuwa kumi?"

Kijana alidhani ni utani. Alipoona si utani, alifungua droo na kutoa vijiti vilivyofungwa kwa mipira, kumi kila kifurushi. Akapanga mezani vifurushi vitano na vijiti viwili.

"Hamsini na mbili. Sasa nipe saba."

Mwalimu Rudia aliangalia vijiti viwili. Akashika kifurushi kimoja, akavua mpira. Vijiti vikatawanyika mezani.

"Kumbe hatukopi!" alisema. "Tunafungua!"

"Tunafungua tu, mwalimu. Ni vyetu wenyewe."

Alihesabu vijiti kwa kidole kama mtoto. "Mbona hukuwahi kuniuliza, enzi zile?"

Kijana aliinamisha macho, akatabasamu. "Niliogopa, mwalimu. Nilikuja kuelewa nikiwa chuoni."

Jioni ile mumewe alirudi kutoka kazini, saruji bado kwenye nywele, akataka kufagia mbele ya mlango. Akakuta ufagio umebaki kishikio na njiti nne. Mkewe alikuwa ameketi mezani, akikata njiti kwa mkasi na kufunga kumikumi.

"Mama, ufagio wangu umepatwa na nini?"

"Umekwenda shule."

"Na mimi nitafagia kwa ndevu?"

"Osha mikono uje unisaidie. Bado vifurushi mia moja."

Alinung'unika, lakini alivuta kiti. Baada ya muda yeye ndiye aliyekuwa akifunga haraka zaidi, na aliposikia kazi ya njiti hizo alisema kwamba hivyohivyo ndivyo anavyohesabu matofali: hesabu mirundo, vunja mmoja inapobidi.

Kesho yake mwalimu alimjibu Redio mbele ya wote, kwa vijiti. "Nilikuwa nawaambia tunakopa. Nilikosea. Tunafungua fungu letu." Mafungu ya ufagio yakagawiwa kila dawati. Wiki ile chumba kilikuwa na kelele hata mwalimu mkuu akaja kuuliza kulikoni. Alisimama mlangoni, akamwona mtoto mmoja aliyekuwa hajapata hesabu hata moja tangu mwaka uanze akivua mpira, akihesabu, akiandika ishirini na tano, kisha akivirudisha vijiti na kuanza upya bila kuambiwa, kwa raha tu. Mwalimu mkuu akaondoka. Siku iliyofuata akaleta boksi la mipira ya kufungia.

Muhula wa mwisho ulipoanza, Redio alihamia fungu la habari. Ijumaa moja mchana aliomba mwalimu amsindikize nyumbani, maana ahadi ni ahadi, ila peke yake hawezi. Walimkuta bibi yake barazani, rundo la mashati upande mmoja na pasi ikipoa upande mwingine.

"Bibi, nakusomea," alisema Redio. Akafungua gazeti la zamani lililofungia sabuni, akasoma habari ya mtu aliyechimba kisima. Alikwama mara nne, akarudi nyuma mara nne, akafika mwisho. Kisha akaanza kulia. "Zile siku zote nilikuwa sisomi. Nilikuwa nimekariri."

Bibi alimtazama mwalimu, akamtazama mjukuu.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Mwanangu, ulikuwa unafunua kurasa huku umefumba macho. Mimi sikusoma, lakini si kipofu." Akamvuta kwake, akamfuta uso kwa kola ya shati la mteja. "Nilikuacha uendelee, maana sauti yako ilinifanya kazi iishe upesi. Sasa nisomee tena huyo wa kisima. Alipata maji au hakupata?"

Wiki ya mwisho ya mwaka Mwalimu Rudia alirudisha viti viwili karibu na mlango, na kifungu kipya ambacho hakuna aliyekiona. Safari hii alimwomba mwalimu wa darasa la saba amsikilizie nusu ya darasa, asije akawapendelea. Walipomaliza walijumlisha pamoja. Kusoma: arobaini na watatu. Kutoa: thelathini na watatu, wawili pungufu ya lengo. Mwalimu mkuu aliitazama karatasi muda mrefu.

"Hawa wawili ungewaongeza tu, nani angejua?" alisema, nusu mzaha.

"Wao wenyewe wangejua."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyechoka. Akakiri kwamba baada ya kuona vile vijiti alikwenda darasa la tano na kusikiliza watoto kumi wa ile asilimia mia. Waliosoma walikuwa watatu. Hakumsema mwalimu wao. Alirudi ofisini, akakaa. Mwezi uliofuata fomu mpya zilipokuja, aliwapa walimu wote wiki mbili za kusikiliza kabla ya kuandika chochote, na chai siku hiyo ilinywewa baridi bila mtu kulalamika.

Mwalimu Rudia aliomba jambo moja: apande na watoto wake mpaka darasa la nne. Walikuwa wamebaki kumi na mmoja wasiosoma, na hakutaka kuwakabidhi kwa mtu atakayeanza kuwajua upya. Alikubaliwa. Siku ya kwanza alikuta chumba kipya, ubao mzima na mwanga wa kutosha, na mwalimu mkuu ameshaketi pale mbele na kiti chake mwenyewe. Alisema ana nafasi kila asubuhi, apewe watoto wanne.

Wakagawana. Mwalimu Rudia alianza na mtoto mmoja mpole, mwenye vidole vyenye wino, ambaye mwaka mzima alikuwa hajatoka fungu la herufi. Alimtandazia kadi za herufi mezani, wakazipitia bila haraka. Mtoto alizitaja kumi na tisa. Zilibaki tano.