Majina ya Paka wa Mama Dobi

Mtaa mzima ulijua kwamba ukitaka kuishi kwa amani na Mama Dobi, usimuudhi wakati kuna paka mpya nyumbani kwake. Si kwamba alikuwa mtu wa matusi. Tatizo ni kwamba paka wake hawakupewa majina kwa rangi wala kwa mkia, kama wafanyavyo watu wavivu wa kufikiri. Paka wa Mama Dobi alipewa jina la mtu aliyegombana naye wiki hiyo.

Ilianzia kwa muuza nyama wa pale kona, ambaye watu humwita Bucha tu. Bucha alileta makoti yake meupe yafuliwe, akarudi analalamika kwamba yamekuwa mafupi. Mama Dobi akamwambia koti halijapungua, tumbo ndilo lililoongezeka. Maneno yakazaa maneno, wakaachana wamenuniana. Jioni ile ile paka wa manjano akaingia kwa dirisha la kupokelea nguo, akajilaza juu ya mashuka ya watu, na Mama Dobi akampa jina papo hapo ili apate pa kutolea hasira. Ukipita uchochoroni ungemsikia: "Bucha, mlafi wewe, toka hapo." Moyo wake ukasuuzika kweli kweli.

Lakini hasira haina ujanja mbele ya paka. Jioni amekuja anajisugua miguuni, nawe umeshika sahani yake, utasema nini? Itabidi useme, "Haya, Bucha, njoo ule." Kesho hivyo, keshokutwa hivyo hivyo. Mwezi haukuisha, Mama Dobi akakutana na Bucha mwenyewe njiani, akajikuta anamkaribisha chakula kabla hajakumbuka kwamba hawasemeshani. Bucha naye hakujivunga. Alikuja akala, na tangu siku hiyo akawa anamwekea vipande vya nyama kwa ajili ya paka wake.

Hapo ndipo Mama Dobi alipogundua dawa, na dawa ikifanya kazi mara moja nani ataiacha? Mwenye nyumba alipokataa kuziba paa lililovuja juu ya meza ya kupigia pasi, paka wa kijivu mwenye maringo akaitwa Mwenye Nyumba. Siku zikapita, habari zikaenea mtaani kwamba Mwenye Nyumba amejifungua chini ya kitanda cha dobi, na yeye na watoto wote ni wazima. Mwenye nyumba halisi, mzee wa heshima zake na bakora yake, alipelekewa habari hizo akiwa kwa kinyozi, sabuni bado shavuni. Alicheka mpaka kinyozi akaweka wembe chini. Kisha akaleta fundi wa paa.

Baadaye akaja Wifi, paka mwembamba mwenye tumbo bovu, aliyechukua jina la dada wa mume wa Mama Dobi, baada ya dada huyo kusema mbele ya wageni kwamba chai ya nyumba ile ni maji ya kusuuzia vikombe. Na yeye wakapatana. Ilifika mahali watu wakaanza kuona fahari. Wapo waliomkosea wakati hakuna paka mpya, wakaona wameonewa, maana walibaki na kinyongo chake kikavu kisicho na wa kukilainisha.

Dobi kufuga paka, watu walisema, ni kujitafutia balaa. Yeye hakuwajali. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza ndefu iliyovikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe, karai la wanga, kopo la matundu la kunyunyizia maji, na rafu za nguo zilizokunjwa kona kwa kona. Hakuandika majina ya wateja. Kila mmoja alikuwa na rangi yake ya uzi, mshono mdogo ndani ya kola, na rangi zote alikuwa nazo kichwani. Kabla nguo haijatoka aliipitishia kitambaa chenye unyevu, kuanzia kola mpaka pindo, akijigamba kwamba hajazaliwa mteja wa kumrudishia unywele wa paka.

Sasa, Mama Dobi alikuwa na binti wa mwisho, kitindamimba wake, ambaye nyumbani walimwita Kitinda, na jina likamganda mpaka ukubwani. Huyu alikulia chini ya meza ile ya pasi. Alijifunza kutembea akishikilia kingo za vikapu vya nguo, na mama yake alimpenda mapenzi yale ya kumaliza akiba, yanayowafanya watoto wakubwa walalamike. Alipochumbiwa, Mama Dobi alinunua shuka jipya la meza, akasugua pasi mpaka ikang'aa, akawafungia paka wote chumba cha nyuma, wakalia kama walioshtakiwa kwa uongo. Alikuwa anasubiri gauni la harusi.

Gauni halikuja. Kitinda aliingia siku moja, shangazi zake wamejaa sebuleni, akasema kwa haraka ya mtu mwenye mambo mengi, "Mama, usijisumbue na gauni, nimelipeleka kwa wale wenye mashine. Sitaki nywele za paka siku yangu."

Hakukusudia ubaya. Mabibi harusi wiki ile ya mwisho huwa hawana akili, na anayebisha hajawahi kuoza binti. Lakini lilikuwa limeshasemwa, tena mbele ya watu. Siku ya harusi Mama Dobi alikaa alipowekwa, akatabasamu kwenye picha kama mtu aliyebanwa na kiatu, na kabla chakula hakijapakuliwa akaondoka. Kitinda alipogeuka kumtafuta mama yake, alikuta kiti kitupu. Naye akaliweka moyoni.

Basi ikawa hivyo. Kitinda alihamia mji wa mumewe, mwendo wa nusu siku kwa basi. Alipopiga simu aliongea na baba yake, dereva mstaafu wa lori, mtu wa maneno machache. Baba akimnyooshea mkewe simu, Mama Dobi husema, "Mwambie niko kwenye pasi," hata kama pasi iko kabatini imepoa. Hakumtaja tena kwa jina. Alisema "mwanao", kana kwamba yule mzee alimzaa peke yake.

Mwezi haujaandama, paka mweupe mwenye sikio moja jeusi akaingia kwa dirisha na kulala ndani ya kikapu cha kola zilizotiwa wanga. Mtaa ukakaa kusubiri. Bucha alipoleta vipande vyake vya nyama akamwangalia yule paka, akamwangalia na mwenyewe.

"Huyu naye kachukua jina la nani?"

"Sijagombana na mtu."

"Sasa anaitwaje?"

"Haitwi," alisema Mama Dobi, akaendelea kukunja.

Na kweli hakuitwa. Wengine wakiitwa kwa majina yao wakati wa kula, yeye alisogezewa sahani kimyakimya. Mganga hajigangi. Mumewe alijaribu mara moja, wakiwa wanakunja shuka kubwa, kila mmoja kashika pembe zake mbili.

"Mpe jina la mwanao, mama, hili jambo liishe."

"Nikimpa jina lake nitakuwa nimekubali kwamba tuna ugomvi."

"Kwani hamna?"

Mama Dobi akavuta shuka kwa nguvu mpaka pembe zikamponyoka mzee. Ukweli aliujua mwenyewe. Dawa yake aliijua inavyofanya kazi. Akianza kuliita jina lile asubuhi na jioni, kwa sahani mkononi, kinyongo kitayeyuka, na kinyongo ndicho kitu pekee cha binti yake kilichobaki ndani ya nyumba. Akikiachia na Kitinda asirudi, atabaki na nini? Aliogopa, basi. Mwanamke ambaye hakuwahi kumwogopa mwenye nyumba wala muuza nyama aliogopa paka wa sikio jeusi.

Mwaka ukapita na kitu juu yake. Halafu siku moja simu ikaita, mumewe akaongea muda mrefu kuliko kawaida yake, akaja akasimama mlangoni.

"Kitinda kajifungua. Wa kike."

Mama Dobi alikuwa na shati la mwalimu mezani. Mkono wake ukabaki pale pale, pasi juu ya mgongo wa shati, mpaka harufu ya kuungua ikajaa chumba. Tangu awe dobi hakuwahi kuunguza hata leso.

"Kasema niende?" aliuliza.

"Hajasema usiende."

Hakulala vizuri usiku ule. Alfajiri alitoa vile vitambaa vyeupe alivyokuwa amevinunua kidogo kidogo tangu aliposikia binti yake ana mimba, akidai kwamba ni vya kufutia meza. Akavifua, akavianika, akavipiga pasi, akavipitishia kitambaa chenye unyevu, akavipitishia tena, akavishika kimoja kimoja dirishani kwenye mwanga. Kisha akavifunga kwenye kikapu na kumpa mumewe maagizo. "Bucha anakula kabla ya wenzake, ndiyo heshima yake. Na Wifi usimpe maziwa, yanamharisha." Wifi wa kweli, aliyekuwa amekuja kumsindikiza, alisikia yote kutoka kizingitini na akasema asante kwa kumjali.

Alipofika, mkwe wake alimpokea mzigo kwa furaha na woga, akamwonyesha chumba, akakumbuka ghafla kwamba ana kazi jikoni. Kitinda alikuwa amekaa kitandani, mtoto amelala pembeni yake. Amenenepa usoni, macho yamechoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo. Za safari?"

"Nzuri. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anakula vizuri."

Hizo ni salamu za watu wawili waliokutana kwenye foleni. Mama Dobi akaketi kwenye kiti karibu na dirisha, akaeleza basi lilivyochelewa. Kitinda akaeleza mvua ilivyonyesha. Wakamaliza mvua. Mama Dobi alitaka kumbeba mjukuu wake mpaka mikono ikamuuma, lakini hakupewa, naye hakuomba. Alivitoa vitambaa kikapuni akaviweka kwenye meza ndogo, na Kitinda akasema, "Asante, ungeacha tu kujisumbua," na wote wawili wakasikia neno lile lilivyoanguka.

Mama Dobi alianza kuhesabu kichwani kama basi la kurudi bado lipo.

Hapo paka akatoka uvunguni. Jike nene la milia, lenye uso wa mtu asiyetaka mchezo. Likajinyoosha, likawatazama wote, likaruka kwenye meza ndogo na kujilaza katikati ya vitambaa vya mtoto, juu kabisa, kwenye kile kilichopigwa pasi vizuri kuliko vyote.

"Mama, shuka hapo," Kitinda alisema. "Mama, si nimekwambia nguo za mtoto hazilaliwi?"

Kisha akajishika mdomo.

Mama Dobi alimtazama paka. Akamtazama binti yake, aliyekuwa amegeuza uso ukutani kama alivyokuwa akifanya utotoni alipokutwa na kosa.

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ya harusi," Kitinda aliuambia ule ukuta. "Aliingia tu. Nilikuwa nimekukasirikia, mama. Nilikuwa nimekukasirikia mpaka silali. Nikaona nifanye kama unavyofanya wewe."

"Ukawa unanitukana."

"Mwanzoni sana. Nilikuwa nakufukuza jikoni kwa ufagio."

"Na baadaye?"

"Baadaye nikawa nakupa chakula." Akamvutia mtoto shuka. "Asubuhi na jioni nakuita. Mume wangu kashazoea. Nikirudi nyumbani neno langu la kwanza ni kukuita wewe. Hasira zilinitoka zamani, mama, hata sijui ni mwezi gani. Nilikuwa naona aibu tu kukwambia. Kila simu wewe uko kwenye pasi."

Mama Dobi akafunika uso kwa mikono. Mwaka mzima na kitu, katika nyumba ambayo hajawahi kukanyaga, alikuwa anaitwa asubuhi na jioni, anaulizwa kama ameshiba. Na kule kwake paka mweupe alikuwa anasogezewa sahani kama mfungwa.

"Wa kwangu unamwitaje?" Kitinda aliuliza taratibu. "Baba aliniambia kuna mweupe, ana sikio jeusi. Nilijua tu ni mimi."

Mama Dobi angeweza kudanganya. Jina lilikuwa jepesi, na mzee nyumbani asingemsuta.

"Simwiti," alisema. "Sikuweza, mwanangu. Niliogopa nitakusamehe na wewe hutakuja." Akainuka, akaenda akakaa ukingoni mwa kitanda, magoti yao yakagusana. "Nisamehe wewe."

Kitinda alimwinua mtoto, shuka lake na yote, akamweka mapajani mwa mama yake. Mtoto akakunja uso, akaamua kuendelea kulala. Mama Dobi akamtazama mpaka machozi yakamzuia kuona, kisha akamgeukia aliyemzaa.

"Kitinda," akaita. Jina lilitoka kwa shida, hakuwa amelitamka siku nyingi.

"Abee, mama."

"Kitinda."

"Abee, mama."

Hakuwa na la kumwagiza. Aliita tena, na tena, na Kitinda akaitika kila mara, analia huku anacheka. Yule paka wa milia, aliyesikia jina lake linatajwa mfululizo, akaacha vitambaa na kupanda kitandani kuangalia kama kuna chakula.