Kwenda Roma kwa Basi la Tyddewi

Shemeji yangu Tegwyn ni mkono wa birika, na simsengenyi, maana nimemwambia hivyo usoni kwa miaka hamsini. Sisi watu wa Ceredigion tunataniwa ubahili Wales nzima, lakini wengi wetu tunaonewa. Tegwyn haonewi. Alikuwa mgawa barua wa Aberaeron, na siku alizokuwa na gari alizima injini kwenye kila mteremko ili asichome petroli bure. Kifuko kimoja cha majani ya chai kilitoa vikombe viwili, kisha kikaanikwa dirishani kingoje cha tatu. Dada yangu Eirwen aliolewa naye akiwa na miaka ishirini na miwili na akampenda mpaka mwisho, jambo ambalo mimi sikuwahi kulielewa.

Eirwen alikuwa na sauti. Miaka kumi iliyopita kwaya yao ilialikwa kuimba Roma, naye akafanya mazoezi majira yote ya baridi, akiimba hata anapomenya viazi. Tegwyn akauliza nauli ni kiasi gani, akatajiwa, akasema, "Mwaka mwingine." Si kwamba hela hakuwa nazo. Kwaya ikaenda, ikarudi na picha, na dada yangu akazitazama moja baada ya nyingine akizisifu.

Septemba iliyopita walitimiza miaka hamsini ya ndoa. Nilikuwa jikoni kwao Tegwyn alipotoa zawadi yake.

"Eirwen, wazee wa kale walisemaje? Ukienda kuhiji kanisa kuu la Tyddewi mara mbili, umehesabiwa umekwenda Roma mara moja. Na kadi za wazee tunazo. Basi bure, kanisa bure!"

"Kwa hiyo unanipeleka nusu ya Roma?" Eirwen akamuuliza.

"Nusu nyingine mwakani, baridi ikipungua."

Dada yangu akacheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Wakaenda na mikate yao ya mayai, wakarudi siku ile ile. Februari tukamzika.

Mwezi wa tano nilikwenda kumsaidia Tegwyn kutoa nguo za marehemu. Chini ya vitambaa vya meza nikakuta pasipoti. Ilikuwa ya Eirwen, mpya kabisa, haina hata alama moja ndani, imetolewa mwaka ule ule wa kwaya. Alikuwa ameilipia kwa hela yake ya kuuza mayai bila kumwambia mtu. Hasira ilinipanda kichwani. Nikashuka nayo mpaka jikoni, nikaitupa mezani mbele ya Tegwyn, karibu na sahani yake.

"Haya, tazama ulichomfanyia mke wako!"

Aliifungua. Akaitazama picha kwa muda mrefu, kisha akasogeza miwani na kusoma maandishi.

"Muda wake unaisha tarehe thelathini na moja," akasema. "Shemeji, tuna wiki tatu."

"Wiki tatu za nini?"

"Za kumfikisha Roma. Kwa Tyddewi."

"Tegwyn, kama kweli una uchungu, toa hela benki upande ndege!"

"Roma nikafanye nini peke yangu?" akasema. "Nilimwahidi Tyddewi."

Nilifuatana naye Jumanne iliyofuata. Sitadanganya kwamba nilikwenda kwa huruma. Nilitaka awe na mtu wa kumwambia ukweli njia nzima. Tulipanda basi hadi Aberteifi, la pili hadi Abergwaun, la tatu hadi Tyddewi, na kila mara alimwonyesha dereva kadi yake ya wazee kama mtu anayeonyesha medali. Mfuko wa mikate aliuweka kwenye kiti cha pembeni yake, mimi nikakaa nyuma.

Tyddewi ni jiji kwa jina tu. Ukipiga chafya sokoni, jiji zima linakuombea afya. Kanisa kuu liko bondeni, na kulifikia unapita lango la mnara, kisha unashuka ngazi thelathini na tisa. Nje ya lango kuna benchi. Tegwyn alipoliona akasimama.

"Alikaa hapa," akasema.

"Nani?"

"Eirwen. Hakushuka, shemeji. Aliziangalia ngazi, akasema, 'Nenda tu, nitakuona ukirudi.' Nilidhani amenuna kwa sababu ya Roma. Nikasema basi, akae na nongwa yake. Nikakaa kule chini saa nzima, nikatazama kila kitu kwa sababu hakikuwa na kiingilio. Niliporudi midomo yake ilikuwa ya bluu." Akaligusa benchi. "Unajua nilimwambia nini? Nilimwambia, 'Umekosa cha bure.'"

Daktari alikuwa ametuambia baada ya mazishi kwamba moyo wa Eirwen ulikuwa umechoka tangu kiangazi. Nami naishi ng'ambo ya barabara, nilimwona kila siku akisimama katikati ya ngazi za nyumba yake, na nilidhani ni uzee tu.

"Kwa hiyo ile safari haihesabiki," Tegwyn akasema. "Hakufika. Lazima aanze upya, mara mbili."

Akashuka, nami nyuma yake. Ndani, karibu na mlango, mama mmoja wa kujitolea alikuwa amekaa mezani akiwagongea mahujaji muhuri wa njiwa kwenye vijitabu vyao. Tegwyn akamwekea pasipoti.

"Mzee wangu, hii ni ya serikali. Siruhusiwi kuigonga."

"Inakufa mwezi huu. Serikali haitaiuliza tena."

Yule mama akatabasamu. Akatazama picha. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko juu kwenye benchi. Miguu inamsumbua."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, yeye ambaye maisha yake yote hajawahi kumdanganya mtu hata kwa senti. Nilimkanyaga mguu. Hakugeuka. Yule mama akagonga muhuri wa wino wa kijani, akaupuliza ukauke. "Mwambie apumzike. Akirudi mara ya pili itakuwa Roma!"

Nilimsubiria nje.

"Umemdanganya mwanamke wa watu ndani ya kanisa!"

"Ndiyo."

"Hela ulikuwa nazo! Ukamwacha dada yangu kwenye baridi kama mzigo, sasa unamzungusha akiwa karatasi!"

"Ndiyo, shemeji. Ni kweli."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi wa njia nzima, na mtu anayekubali kila kitu hana pa kumshika. Tulirudi kwa mabasi matatu, nami nikalia kuanzia Abergwaun hadi Aberteifi, uso nimeuelekeza dirishani.

Safari ya pili ilikuwa tarehe ishirini na nane. Mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika tulipofika. Tegwyn alibeba mfuko mkubwa kuliko wa kwanza. Kwenye lango akatoa kitambaa, akalifuta benchi lote, upande hadi upande. Kisha akatoa koti la Eirwen la sufu, lile la rangi ya zambarau, akalitandika upande mmoja, yeye akakaa upande wa pili. Akatoa chupa ya chai na vikombe viwili, akavijaza vyote. Chai ilikuwa nzito, nyeusi, ya majani mapya. Kimoja akakishika, kingine akakiweka juu ya benchi karibu na koti, na mvuke wake ukapanda.

"Haya, twende kabla hawajafunga," nikamwambia.

Akanipa pasipoti.

"Nenda wewe, shemeji. Mimi nikae naye."

Nilikuwa na maneno ya miaka hamsini ya kumwambia, nikayaacha pale langoni. Nikazishuka zile ngazi taratibu nikizihesabu, na katikati nikasimama kuvuta pumzi, kwa sababu mimi pia si msichana.

Yule mama alikuwepo mezani, na alinikumbuka. Akafungua ukurasa ule ule, akagonga njiwa wa pili kando ya wa kwanza.

"Hongera kwake, ameshafika Roma," akasema. "Leo tena hakuweza kushuka? Amebaki peke yake huko juu?"

"Hapana," nikamjibu. "Yuko kwenye benchi na mume wake."