Tatizo ni Mkono

Mtu akikaa miaka ishirini na sita kwenye kiti cha abiria akiwaamrisha wengine, watu humpa jina la amri zake. Ndiyo maana mwalimu huyu wa udereva aliitwa Klachi. Wanafunzi walimwita hivyo kwa siri, mafundi wa gereji walimwita hivyo usoni, na hata mwanawe aliyehamia mbali, akipiga simu Jumapili, alianza kwa kuuliza kama Klachi hajambo. Simu yenyewe ilichukua dakika nne. Klachi hakuwa mtu wa kuhesabu dakika za mwanawe, ila zilikuwa nne.

Alikuwa mgane mwaka wa sita huo. Aliishi vyumba viwili juu ya duka la rangi za kuta, na kitanda cha watu wawili kilicholaliwa upande mmoja mpaka godoro likainama. Asubuhi aliiacha redio ikiongea jikoni, ili akirudi asiikute nyumba imenuna. Kutwa alikuwa akisema, lakini kusema si kuongea. Klachi, gia, kioo, breki: ukimwondolea maneno hayo manne, angeweza kumaliza wiki bila kufungua mdomo. Na kazi yake ilikuwa na ukatili wa namna yake. Mwanafunzi akishaelewa, ndiyo ameondoka. Klachi alikuwa amewafundisha nusu ya watu wa mji ule namna ya kwenda zao.

Gari la shule ya udereva lilikuwa dogo, jeupe, lenye klachi na breki za ziada upande wake wa kushoto. Gari la kufundishia hukanyagwa na kila mguu usiojua, kwa hiyo kinachotangulia kuchoka ni giaboksi. Dalili ya mvua ni mawingu, na Klachi alizijua dalili za ugonjwa huo moja moja. Gari likisimama nyutro likawa linavuma, ukikanyaga klachi likanyamaza, hapo kuna beringi inayoaga. Gia ya pili ikikwaruza ilhali klachi imekanyagwa mpaka sakafuni, usimlaumu dereva, pete za ndani zimelika. Doa la mafuta sakafuni asubuhi na harufu ya kuungua ukimaliza mlima, giaboksi ina kiu. Na gia ikichomoka yenyewe pale unapoinua mguu kwenye pedali ya mafuta, mkono wa gia ukatetemeka kwanza kama mtu anayetaka kupiga chafya, basi mambo yameiva, mpeleke mgonjwa kwa fundi.

Huo mkono wa gia, watu wa kazi hiyo huuita kwa kifupi, mkono. Mkono umelegea, mkono unakataa, shika mkono. Ni neno dogo la gerejini, na ndilo lililoleta balaa.

Mshonaji alikuja kuandikishwa mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mjane, anayeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Marehemu mumewe alimwachia pikapu ndogo iliyokaa miaka mitatu chini ya turubai. Alitaka kupeleka sare zake shuleni mwenyewe, badala ya kubembeleza lifti huku amebeba robota la sketi kichwani. Shule mbili zilikuwa zimempa kazi ya muhula ujao, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na sharti lilikuwa moja: mzigo ufike kwa wakati. Kwa hiyo leseni ilikuwa lazima. Akachagua saa tisa alasiri, saa ambayo hakuna mwingine aliyeitaka kwa sababu ya jua.

Mama huyu alikuwa na mdomo. Kila mpita njia alimsoma kwa mishono yake. Yule suruali yake imekatwa na adui yake, alisema huku akiangalia kioo kama alivyofundishwa. Yule bwana harusi, koti ni la kuazima, tazama mabega. Klachi alianza kwa kumwambia atazame barabara. Siku ya tatu alijikuta akicheka, na kicheko chenyewe kilimtoka kwa kukwama, maana kilikuwa hakijatumika siku nyingi. Siku ya nne mama alimwambia kola ya shati lake imekwisha upande mmoja, ampe aigeuze. Akaichukua, akaifumua, akaishona upande wa pili, akairudisha imepigwa pasi. Kwa miaka sita hakuna mtu aliyekuwa ameitazama shingo ya Klachi.

Basi mzee akaanza kunyoa ndevu kila siku. Tangu saa saba alikuwa akitazama saa. Mafundi wa gereji ya jirani hawakuwa vipofu, wakawa wanamuuliza kama shemeji yao hajambo, naye anawatukana kidogo na kuondoka amefurahi.

Wiki ya pili, siku ya Jumatano, walikuwa wanashuka mteremko wa kwenda sokoni. Mama aliinua mguu kwenye mafuta, mkono wa gia ukatetemeka, na gia ya tatu ikachomoka yenyewe. Injini ikabaki inavuma bure. Klachi aliuona ule mtetemeko kabla ya gia kutoka, na alijua palepale, kama daktari anavyojua kikohozi. Asubuhi ileile, vijana wawili aliokuwa akiwafundisha walikutwa na jambo hilohilo, naye aliwaambia bila kufikiri, ishikilieni hiyo, imechoka.

Lakini mama alimgeukia akiwa amefadhaika, akamuuliza amekosea wapi. Na Klachi akakumbuka kwamba Ijumaa ndiyo siku ya mwisho ya masomo yake. Mama alikuwa tayari. Kona alizijua, vioo alivijua, kurudi nyuma alirudi kama mtu anayepitisha uzi kwenye tundu la sindano. Jumatatu angefanya mtihani, angefaulu, na saa tisa ingerudi kuwa saa ya jua tu.

"Tatizo ni mkono," akasema. "Tuongeze wiki."

Hakuwa amedanganya, alijiambia jioni ile. Mkono si mkono? Kama mtu ameelewa mkono mwingine, hilo ni la kwake. Hizo ndizo akili za mtu mpweke: huwa na wakili ndani kwa ndani, na wakili huyo hashindwi kesi.

Wiki moja ikawa mbili, mbili zikawa tano. Saa za nyongeza hakumtoza, na hilo pia alilihesabu kuwa wema. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga wamesema, lakini ya Klachi ilipanda mlima na kushuka mpaka sokoni kila siku saa tisa, na katika njia hiyo alijua habari za vitambaa vinavyochuja rangi, za walimu wakuu wasiojua kupima kiuno, za marehemu aliyekuwa akiimba vibaya bafuni. Naye akasimulia ya kwake. Alisimulia jinsi mkewe alivyokataa katakata kufundishwa kuendesha na yeye, kwamba ndoa haiwezi kubeba giaboksi. Hakuwa amemwambia mtu yeyote jambo hilo.

Fundi wa giaboksi alilisikia gari likiingia yadi, akafuta mikono, akamwambia mzee wangu, hicho kitu hakifiki mwezi ujao, kiache nikishushe. Klachi akasema wiki ijayo. Mficha maradhi kifo humuumbua, fundi akamjibu, akarudi chini ya gari lake.

Mama naye alianza kupunguza maneno. Kwenye taa nyekundu alikuwa akikitazama kiganja chake cha kushoto, anakikunja, anakikunjua. Siku moja mwanamke mwenye gauni lililopinda mshono mzima alipita mbele yao, na mama hakusema kitu. Klachi aliyaona hayo yote. Alijitia hamnazo, nami simtetei.

Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Klachi alikaa ndani ya gari kwa saa nzima siku zote mbili, mlango wa dereva wazi. Aliamini ni mafua.

Jumatano alikuja kwa miguu, bila mkoba, bila viatu vya kuendeshea. Hakukaa upande wa dereva. Aliinama kwenye dirisha la kushoto, akasema amekuja kuaga na kushukuru. Kisha akaeleza, polepole, kama mtu aliyekwisha kulia nyumbani. Mama yake mzazi naye alikuwa mshonaji. Ulianza kuishiwa nguvu mkono wa kushoto, ule unaoongoza kitambaa. Mwanzo alidondosha vikombe, mara sindano, na baada ya miaka miwili hakuweza kufunga kifungo chake mwenyewe. Kwake yeye ugonjwa umeanzia kwenye gia. Anasukuma gia, anaamini imeingia, kumbe mkono hauna nguvu. Amekaa akafikiri: mtu wa namna hiyo hawezi kuahidi sare za shule mbili. Kwa hiyo kazi ameirudisha, wamempa mshonaji mwingine, na cherehani amempelekea binti wa dada yake, bado kijana, itamfaa.

"Nashukuru uliniambia kwa upole," alisema. "Mwingine angenicheka. Wewe ulisema tu tatizo ni mkono, ukaendelea kunivumilia."

Klachi angeweza kumpa pole na kumwacha aende. Yule wakili wake wa ndani alishaanza kusafisha koo. Lakini aliutazama ule mkono uliokuwa umeshika ukingo wa dirisha, vidole vyenye makovu madogo ya sindano, na roho ikamsuta. Akaweka kiganja chake juu ya mkono wa gia.

"Mama, mkono niliousema ni huu."

Mama hakuelewa. Ikabidi ayaseme yote: gia ya tatu iliyokwisha, mtetemeko, vijana wa asubuhi, maneno ya fundi. Alisema kwamba mkono wa mama hauna ubaya wowote, na kwamba alikuwa tayari kwa mtihani tangu wiki ya pili. Aliyasema akitazama dashibodi.

Kisha mama akauliza kwa nini.

"Ukifaulu unaondoka," alisema Klachi.

Mama alizunguka gari, akafungua mlango wa dereva, akaketi. Akawasha. Hakuna aliyetoa amri yoyote. Walipanda mlima, wakapita shule, wakaanza kushuka kuelekea sokoni, na aliponyanyua mguu kwenye mafuta aliukandamiza mkono wa gia kwa kiganja cha kushoto. Chuma kikatetemeka chini ya vidole vyake. Safari hii aliusikia mtetemeko ule kwa makini, ukija kutoka chini, kwenye sakafu ya gari, na vidole vyake vikiwa vimetulia juu yake. Gia ilisukuma ikitaka kutoka, akaizuia mteremko mzima, machozi yakimshuka bila kuyafuta kwa sababu mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani na mwingine una kazi.

Alirudi yadi, akaliingiza gari kinyumenyume kati ya nguzo mbili, akazima. Akakikunjua kiganja juu ya usukani, akakitazama mbele na nyuma.

"Niandikishe mtihani," alisema. "Gari liwe limetengenezwa."

Klachi alisema fundi atalishusha kesho asubuhi.

"Cherehani nitaifuata leo. Mtoto atanielewa. Ile kazi ya sare hairudi, mwenzangu ameshakata vitambaa."

Klachi alitaka kuomba radhi, akaanza, lakini neno lilikuwa dogo mno kwa shule mbili, akalimeza. Mama alishuka. Alisimama akiwa ameshika mlango, na alipozungumza sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mwalimu, ungesema tu kwamba unataka mtu wa kuongea naye. Mimi pia narudi kwenye nyumba tupu. Ningekuja hata bila gari."

Klachi alisubiri aongeze neno, kwamba bado atakuja, au kwamba hatakuja tena. Hakuongeza. Aliufunga mlango taratibu, jinsi alivyofundishwa, akashika njia ya kwa dada yake, akitembea haraka kama mtu anayewahi kitu chake kabla hakijazoeleka kwa wengine.

Jua likahama kutoka kioo cha mbele hadi kiti cha dereva kilichokuwa kitupu. Mlinzi alipokuja kufunga geti alimkuta mzee bado amekaa upande wa kushoto, mkanda ameufunga. Akamuuliza kama kuna mwanafunzi anayemsubiri. Klachi akasema hakuna.